Kichwa Kidogo

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Biashara,
juu ya duka la sare za shule,
nimekaa nyuma ya kioo chenye tundu la mkono.
Watu hupanda ngazi wakiwa wamekumbatia mifuko
kama wanaotoka hospitali na mtoto.

Saa mbili u nusu Bi Farhiya hupiga simu,
nami nafuta ubao, naandika upya:
dola, pauni, yuro, randi,
na shilingi ya jirani, ambayo laki yake
hununua jozi ya viatu.
Tunanunua hivi. Tunauza vile.
Katikati ya hivi na vile ndipo ugali wangu ulipo.

Nimeshika miji nisiyoijua.
Dirhamu hunukia udi. Yuani hunukia mpira mpya.
Pauni hainukii chochote; ukiikunja inajinyoosha
kama shahidi anayekana maneno yake.
Mimi mwenyewe sijavuka Namanga.

Masharti ya dirisha nayajua kama sala.
Noti iliyochanika, hapana.
Iliyoandikwa kwa kalamu, hapana, hata kama ni moyo mdogo pembeni.
Sarafu, hapana. Kijana wa kutoka Doha
aliwahi kunimwagia soksi nzima ya sarafu, nikamrudishia.
Noti ina pasipoti. Sarafu haina.
Na dola ya kichwa kidogo,
ile ya kale, yenye sura ndogo ndani ya yai dogo,
hiyo twaichukua kwa bei ya huruma, au hatuichukui.
Usiniulize sababu. Kwao bado ni pesa.
Hapa kwetu uzee ni kosa.

Jumanne, mvua ikipiga mabati ya jirani,
akaja Nzilani wa Tala, viatu mkononi,
akafungua kitabu cha nyimbo za Kikamba,
akatoa dola mia.
Kichwa kidogo. Imekunjwa mara nne.

Nikaanza: "Mama, hii bei yake..."
"Siuzi," akasema.
"Nauliza tu. Dada yangu Ndinda
aliiweka ndani ya barua mwaka wa tisini na tatu:
*hii ni ya teksi, siku utakayoshuka.*
Nimenyimwa viza mara tano.
Safari hii nimepewa.
Teksi ya huko itaikubali?"

Nikaipitisha chini ya taa ya zambarau.
Noti ikabaki kimya.
Kilichong'aa ni leso yake, na kucha zake, na mvi.

"Atakupokea Ndinda?"
"Mwanawe. Ndinda ndiye ninayekwenda kumwona,
lakini si yeye atakayenipokea."
Mashine ya kuhesabia ikaendelea kunguruma bila noti.
Nikaizima.

Nikamwambia kile nisicholipwa kukisema:
usiiuze hapa, wala pale uwanjani,
wala kwa yule wa ngazini mwenye koti la ngozi.
Huko ni mia kamili.
Ila dereva hana chenji ya mia,
kwa hiyo nunua kwangu tano tano, kumi kumi.
Mia mpe karani wa benki, mchana, usiwe na haraka.

"Na hizi za kwenye simu? Za kutuma?"
"Mama, huko simu yako itakuwa saa na tochi."
Akacheka hadi akaketi.

Nikamhesabia sitini, noti ndogo,
nikachagua zilizonyooka, nikamwandikia risiti.
Ile mia nikailainisha kwa kiganja juu ya meza,
mkunjo mmoja, mkunjo wa pili,
wa tatu ukakataa.
Akairudisha kati ya wimbo na wimbo,
akavaa viatu, akashuka.

Simu ikalia. Bi Farhiya:
dola imepanda senti thelathini.
Nikafuta. Nikaandika.
Nyuma yake palikuwa na mtu akitaka randi.